Nani Alimlimisha Madoa

Kila asubuhi darasa la saba lilikuwa la kwanza kufika shuleni. Kabla jua halijawaka sawasawa walikuwa wamekwisha kukimbia mchakamchaka kuzunguka kijiji, wamefagia uwanja, wamemwagilia miche ya mikaratusi, na wamejipanga mstari wa kukaguliwa kucha. Robi Mniko alisimama wa pili kutoka mbele, mikono imenyooshwa, uso umekunjwa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwepesi wa hasira. Mtu akimkanyaga kidole bila kumwomba radhi, siku yake nzima ilikuwa imeharibika, na ya jirani yake pia.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka wa pili tangu watu walipohamishwa kutoka miji yao ya vilimani na kukusanywa pamoja katika kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kerende. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umebakiza majuma machache. Waliokuwa wakisoma kweli walikuwa wakisoma, na waliokuwa wakijifanya kusoma walikuwa wakijifanya kwa bidii zaidi.

Siku hiyo, baada ya hesabu, Mwalimu Agustina aliingia na chaki yake kufundisha Kiingereza. Akaandika ubaoni maneno manne tu: make, have, get, let.

"Haya yote," alisema, "yanahusu mtu mmoja kusababisha mwingine atende jambo. Lakini hayalingani, na katika mtihani watawatega hapa."

Robi akanyoosha mkono. "Mwalimu, si yote ni kumfanyisha mtu kazi?"

"Sikiliza kwanza, Robi. Mama yako akikwambia uende kuchota maji huku ameshika fimbo na macho yamemtoka, huna njia. Utaenda utake usitake. Hiyo ni make. Akikuagiza kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa kuchota maji ni kazi yako, nawe ukaenda, hiyo ni have. Wewe ukiona uvivu, ukambembeleza mdogo wako na kumwahidi kipande cha muwa mpaka akaenda yeye, hiyo ni get. Na mdogo wako akitaka mwenyewe kwenda mtoni, nawe ukamwona ukanyamaza, hiyo ni let."

"Lakini maji si yamefika nyumbani?" Robi alisema, na darasa likacheka.

Mwalimu Agustina hakucheka. "Yamefika. Ila siku mdogo wako akizama, tutataka kujua nani alifanya nini."

Kabla hajaendelea, mlango uligongwa. Alikuwa Mzee Heche, msimamizi wa shamba la ujamaa. Jasho lilimtiririka na kofia ilikuwa mkononi. Alisema kesho wageni kutoka wilayani watapita, na kile kipande cha shamba kilicho kando ya barabara bado hakijalimwa. Watu wazima wote wako kwenye kujenga kibanda cha wageni. Anaomba darasa la saba.

"Mzee, hii ni saa nne," Mwalimu Agustina alisema. "Hawa wana mtihani. Na Mwalimu Mkuu hayupo, amekwenda Tarime."

"Ni kazi ya siku moja tu, Mwalimu. Kijiji kikiaibika, na shule imeaibika."

Mwalimu aliangalia ubao, akawaangalia wanafunzi, akaitazama saa yake. Alikuwa mwalimu mgeni, bado hajamaliza mwaka, na hakutaka kusemwa kuwa anapinga kazi ya kijiji. "Haya," alisema hatimaye, "nendeni."

Shambani walikuta maksai wawili wamefungwa nira na plau iko nyuma yao. Mmoja alikuwa Madoa, mkubwa, mwenye mabaka meupe ubavuni. Alikuwa mali ya Mzee Nyangwine, aliyemlea tangu ndama, na kijiji kilipoundwa akamtoa alimie watu wote. Hao maksai walikuwa wamelima upande mwingine wa shamba tangu saa kumi na mbili alfajiri, kabla watu wazima hawajaitwa kwenye kibanda. Mtoto yeyote wa huko anajua kwamba jua likipanda, nira inafunguliwa na ng'ombe wanapelekwa maji. Hili halihitaji kufundishwa na mtu.

"Malizeni kipande hiki kabla ya saa nane," Mzee Heche aliagiza. "Wageni wakute udongo umegeuzwa. Nani atashika plau?"

"Mimi," alisema Robi.

Wavulana wakapiga mluzi. Mzee Heche mwenyewe akacheka hadi mabega yakatikisika. "Msichana kushika plau! Haya basi, tuone." Kisha akaenda zake kwenye kibanda cha wageni, na hakurudi.

Neno hilo, "tuone", lilimwingia Robi kama mwiba. Alishika plau kwa mikono miwili. Mbele, aliyeshika kamba ya kuongoza ng'ombe, alikuwa Kisyeri, kijana mpole, mtoto wa mjane aliyehamia pale kutoka upande wa Ikoma. Wengine walifuata nyuma wakivunja mabonge. Mstari wa kwanza ulipinda. Wa pili ulipinda kidogo. Wa tano ulikuwa umenyooka, na wavulana wakanyamaza. Ukweli usemwe, Robi alikuwa analima vizuri.

Ilipofika saa sita Kisyeri alisimama. "Robi, tuwafungue. Mwangalie Madoa."

Madoa alikuwa anatoa povu mdomoni. Mbavu zilikuwa zinapanda na kushuka upesi upesi.

"Imebaki mistari kumi tu," Robi alisema.

"Amechoka huyu. Anataka maji."

"Tukiacha hapa watasema ni kwa sababu alishika msichana. Wewe utafurahi?"

"Mimi sijasema hivyo."

Robi akalainisha sauti. "Kisyeri, mura, kijana mwema, nisikilize. Mistari minne tu. Nitakupa daftari langu la Kiingereza unakili yote, tangu Januari. Unajua wewe Kiingereza kinakusumbua." Kisyeri alikuwa amefeli jaribio la Kiingereza mara mbili, na mama yake alikuwa amelia mara zote mbili. Alimtazama Madoa, akamtazama Robi, akaivuta kamba.

Minne ikawa sita. Sita ikawa minane. Katika mstari wa tisa Madoa alipiga magoti ndani ya mtaro wa plau, akalaza shingo, na hakuinuka tena.

Mzee Nyangwine aliitwa. Alikuja mbio, mtu mzima na mvi zake, akaifungua nira mwenyewe. Alikaa chini mchangani karibu na kichwa cha maksai wake, akamfunika jicho kwa kiganja. Robi angependa atukane, hata ampige mtu. Kule kunyamaza kwake hakukuvumilika.

Jioni ile Mzee Heche aliieleza kamati ya kijiji kwamba yeye alisema walime kidogo tu, na kwamba mshika kamba ndiye mwenye wajibu wa kupeleka ng'ombe maji. Kwa hiyo kosa ni la Kisyeri. Kamati ikapendekeza aachishwe shule, achunge ng'ombe wa kijiji kwa mwaka mzima. Jumamosi mkutano wa kijiji ungepitisha jambo hilo. Mtihani ungemkuta porini, na mtihani wa namna hiyo mtoto hapewi mara mbili.

Robi alizisikia habari hizo kutoka kwa baba yake, Mzee Mniko, aliyekuwa mjumbe wa kamati.

"Na mimi?" aliuliza. "Mimi ndiye nilishika plau!"

"Jina lako halikutajwa," alisema baba yake, akipuliza uji. "Nawe usilitaje."

Robi alihisi damu inampanda kichwani. Alielewa yote kwa mara moja. Kisyeri alikuwa hana baba wa kukaa kwenye kamati. Hana mjomba hapo kijijini wala mtu wa ukoo wa kusimama na kusema "huyu ni wetu". Ndiyo maana kosa lilikuwa limemwangukia yeye, na kwa Robi limeruka kana kwamba halikumwona. Alitoka nje bila kumaliza uji wake, na mlango aliubamiza, jambo ambalo siku nyingine lingemletea kiboko.

Kesho yake alimfuata Mwalimu Agustina ofisini, kabla ya kengele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Nitasema mkutanoni, Mwalimu! Nitasema Mzee Heche ndiye alitulazimisha. Alituambia tusipomaliza atatuchapa sote. Ni mwongo mkubwa yule, anamsingizia Kisyeri!"

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Alisema atawachapa?"

Robi akageuka kutazama dirisha.

"Alishika fimbo?"

"Lakini ni yeye alitutuma, Mwalimu! Angekuwa hakutuma, Madoa angekuwa hai!"

"Hilo la kutuma ni kweli, na lisemwe. Nakuuliza la kulazimisha. Saa sita ilipofika, Kisyeri alipotaka kuwafungua ng'ombe, nani alimwambia aendelee?"

Robi hakujua kwamba Mwalimu anajua. Kumbe Kisyeri hakuwa amesema. Walikuwa wamesema waliokuwa wakivunja mabonge, watoto kumi na wawili, wenye masikio. Machozi ya hasira yakamjaa. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua? Ndivyo Mwalimu anavyotaka?"

"Usinipandishie sauti." Mwalimu Agustina mwenyewe alikuwa amekasirika sasa, na haikuwa rahisi kujua anamkasirikia nani. "Sitaki ubebe mzigo wa Heche. Nataka ubebe wako. Ukisimama pale ukasema alilazimisha, Heche atawaita hao wenzako kumi na wawili mmoja mmoja, nao watasema hakulazimisha mtu. Ukishaonekana mwongo kwa hilo, hata yale ya kweli uliyonayo hayatasikilizwa. Na Kisyeri atakwenda porini. Sasa nenda darasani."

Robi alitoka akiwa amemchukia Mwalimu, amemchukia Heche, amemchukia baba yake. Ilimchukua hadi mchana kukiri, akiwa peke yake kisimani, kwamba mtu aliyemkasirikia kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe, na kwamba hizo hasira nyingine zote zilikuwa zinamsaidia asimtazame huyo.

Jumamosi watu walijaa uwanja wa shule. Wazee walikaa kwenye madawati yaliyotolewa nje, wanawake upande mmoja, vijana wamesimama. Mama Kisyeri alikaa mwisho kabisa, khanga ameivuta hadi kwenye paji la uso. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Nashoni, alisoma pendekezo la kamati, akauliza kama kuna mwenye neno.

"Ninalo, Ndugu Mwenyekiti," alisema Robi.

Minong'ono ilienea. Mtoto, tena wa kike, kusimama mbele ya wazee! Mzee Mniko aligeuka akamtazama binti yake kwa jicho la kumwambia akae. Robi alimwona, na hakukaa.

"Shikamooni wazee wangu. Kisyeri alitaka kuwafungua ng'ombe saa sita. Alisema Madoa amechoka. Mimi ndiye nilimbembeleza aendelee. Nilimwahidi daftari langu la Kiingereza. Nilimwambia mistari minne, tukalima minane na ya tisa tukaianza. Niliona povu. Niliona. Sikutaka kuacha kwa sababu watu walinicheka kushika plau. Hakuna aliyenilazimisha. Langu ni hilo."

Mzee Heche aliruka kutoka kwenye dawati lake. "Mmesikia! Amekiri kwa kinywa chake! Mimi nilisema toka mwanzo kuwa ni watoto!"

Watu wakaanza kupiga kelele, wengine wakisema basi aadhibiwe yeye, wengine wakisema waadhibiwe wote wawili. Robi alisimama katikati ya kelele hizo mikono imekunjwa ngumi. Alikuwa amesema kweli, na kweli ilikuwa inageuzwa fimbo mbele ya macho yake. Hakuwahi kukasirika namna ile maishani mwake.

"Nami nina langu!" Mwalimu Agustina alisimama, na kelele zikapungua. "Wanafunzi hawa walikuwa darasani kwangu. Mzee Heche alipowaomba, nilijua ni saa ya masomo, na nilijua jua limepanda. Ningeweza kukataa. Niliogopa kusemwa, nikawaachia waende. Sikuwaagiza kulima wala sikuwabembeleza. Lakini mlango niliufungua mimi. Kama kuna kosa linaandikwa leo, na hilo liandikwe kwa jina langu."

Hapo ndipo Mzee Nyangwine, ambaye tangu siku ile alikuwa hajazungumza hadharani, aliinuka kwa fimbo yake. Hakumtazama Robi wala Mwalimu. Alimtazama Heche.

"Heche. Ulipowatuma watoto, ng'ombe walikuwa wamelima tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri. Lakini..."

"Ulijua?"

"Kila mtu alijua."

"Nakuuliza wewe. Ulijua?"

"Nilijua."

"Uliwaambia wafungue saa ngapi?"

Heche alivua kofia, akaivaa tena. "Nilisema... wamalize kabla ya saa nane."

"Saa nane," Mzee Nyangwine alirudia kwa ghadhabu. "Wewe umezaliwa zizini kama mimi. Hata mwendawazimu hafungi ng'ombe nira saa nane mwezi wa Agosti. Ulirudi kuwaangalia?"

Heche aliangalia upande wa kibanda cha wageni.

"Nakuuliza, ulirudi?"

"Nilikuwa kwenye kibanda cha wageni," Heche alipayuka. "Mlitaka nifanye nini? Wilaya ingetuuliza! Ndiyo, niliwaagiza mimi, haya! Niliwaagiza!"

Alikuwa amelisema mwenyewe, tena kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Ndugu Nashoni hakuchelewa. Pendekezo la kamati lilitupwa, na Kisyeri akabaki shuleni hadi mtihani. Heche aliondolewa usimamizi wa shamba, na akatakiwa atoe dume mmoja mchanga kutoka zizi lake achukue nafasi ya Madoa. Ikapitishwa pia kwamba hakuna ng'ombe wa kijiji atakayefungwa nira baada ya saa nne, waje wageni wa wilaya au wa wapi. Mama Kisyeri alifunika uso kwa khanga na kulia, na wanawake waliokuwa mbali naye wakasogea karibu. Robi aliona wamesogea, akafikiri kwa uchungu kwamba wangeweza kusogea tangu asubuhi.

Watu walipoanza kutawanyika, Mzee Nyangwine alimwita kwa kidole. Kisyeri alikuwa karibu, na Mwalimu Agustina pia.

"Wewe binti. Mtu akiniuliza Madoa aliuawa na nani, sasa ninaweza kumjibu. Mmoja aliagiza, mmoja aliruhusu, mmoja alishawishi. Leo kila mmoja amechukua kipande chake. Lakini kumbuka jambo hili, na huyu mwenzako alikumbuke: ukikitupa kipande chako, hakipotei. Kinamwangukia yule asiye na wa kumsemea. Juzi kilikuwa kimemwangukia huyu kijana. Ulikuwa na haki ya kukasirika, ila Mwalimu amenieleza kwamba hasira peke yake ilikuwa inakupeleka kwenye uongo. Ni ukweli uliomtoa."

"Nisamehe, tata," Robi alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

Mzee alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sijakusamehe," alisema. "Labda kesho, labda mwakani. Nilimlea miaka tisa. Lakini dume wa Heche hajui nira, na mimi magoti yangu yamechoka kukimbizana na ng'ombe mchanga. Ukimaliza mtihani wako utakuja kwangu saa kumi na mbili asubuhi, utamfundisha wewe. Nikikwambia mfungue, utamfungua saa hiyo hiyo."

"Nitamfungua, tata."

"Na plau utashika wewe. Nimeiona mistari yako. Imenyooka."

Kisha akaondoka na fimbo yake bila kuaga. Robi alibaki amesimama pale, machozi yakimtoka, na kwa mara ya kwanza juma lile hakuwa na mtu wa kumkasirikia.